Neno Nililobadilisha Kilimani

Kijijini kwa Kambo, milima ya Lubudi
Jumapili alasiri

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Darlène,

Nakusalimu sana, na kupitia kwako nawasalimu wote wa nyumba unamokaa huko Lubumbashi. Je, kifua kimepona? Masomo yanaendaje? Sisi huku ni wazima, na nitakueleza yote kwa mpango. Nakuandikia kwa karatasi ingawa sasa tuna intaneti, maana pale inaposhika kila mtu anasikia, na ninalotaka kukuambia sijamwambia mtu, hata padri. Yaya, nimemdanganya Tata aliyetuzaa na nimemdanganya Kambo aliyemzaa Mama, wote wawili, siku moja.

Unajua tulivyotoka Kasulo. Ukuta wa jiko ulipozama ndani ya shimo alilochimba Tata mwenyewe chini ya nyumba akitafuta madini, na barabara yetu yote ikaamriwa kuhama, alitupandisha treni kuja huku kwa mama yake Mama. Yeye akabaki Kapata kwa rafiki yake Mukendi, akasema atatufuata. Wiki tatu hatukusikia sauti yake. Huku bondeni simu ilikuwa tochi tu. Kambo akaanza kusema mbele ya Mama kwamba huyo mkwe wake Badibanga amekwisha kupata mke mwingine, na Mama akaacha kula pamoja naye.

Ndipo ile sahani ya satelaiti ikafika. Muuguzi wetu, ambaye wote humwita Tata Kalumba kwa heshima, aliletewa ili atume ripoti za wagonjwa. Ni kitu cheupe, bapa kama meza ndogo. Aliiweka uani kwa zahanati, akaigeuza huku na huku siku nzima. Simu yake ilionyesha picha ya mbingu, na nusu ilikuwa nyekundu: mlima umeziba. Alitueleza kwamba vyombo vinavyozungumza na sahani viko juu kuliko ndege, na lazima sahani ivione bila kizuizi. Basi wanaume wakaibeba, pamoja na betri na paneli ya jua, wakapanda nayo mpaka kileleni, mwendo wa saa nzima.

Yaya, nilikuwapo. Taa ilipobadilika rangi, simu ya Mama ikaanza kutetemeka mkononi mwangu, haikomi. Ujumbe wa sauti wa Tata wa wiki tatu ulishuka wote mara moja. Nikatazama juu, nikaona buluu tupu, hata ndege mmoja hakuna. Sikuelewa sauti ya baba yangu ilipita wapi bila kugusa kitu. Mpaka leo nikifika pale natembea polepole, kama kanisani.

Ujumbe wa mwisho ulisema kwamba Alhamisi anapanda treni ya Kasai, anarudi kwa ndugu zake moja kwa moja, maana hawezi kusimama kwa wakwe mikono mitupu. Treni hiyo inapita Lubudi. Ingesimama pale karibu nasi, naye asingeteremka.

Mama, kwa mimba ile, hakuweza kupanda. Na neno la kumkaribisha mkwe ni la Kambo, kwa hiyo Kambo alipanda nami. Unajua bukwe yao, ule mwiko wa mkwe na mama mkwe: tangu ndoa hawajatazamana hata siku moja, Tata akimwona njiani huingia majanini. Kambo akaketi kunipa mgongo, kitenge kichwani, ili mi niwe mdomo kati yao.

Nikampigia Tata kwa video, naye akatokea. Uso mzima, Yaya, na vumbi juu ya kope! Nyuma yake nikamsikia Mukendi akiuliza kama ni kweli milimani kuna rezo, mtandao wa simu, kuliko Kapata. Furaha ikanitoa akili. Nikageuza simu, nikapiga kelele, “Kambo, ona, ni yeye kabisa!” Kambo akageuka. Tata akafunika uso kwa kofia. Kambo akaanguka kifudifudi na kitenge chake. Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Tata Kalumba akasema, “Mama Mwenze, pole! Hii mashini haijue bukwe!” Kambo akajibu kutoka chini kwamba aliyeitengeneza hana mama.

Kicheko kilipokwisha, Tata, bado nyuma ya kofia, alisema nimwombee radhi, kisha nimwulize mkwe wake neno moja tu: ateremke Lubudi, au aende? Kambo alikuwa na hasira na aibu. Alinong'ona ndani ya kitenge, “Aende.”

Mi ambaye darasani sikuwahi kuinua mkono, hata nikijua jibu, nikasogea na simu mbali na masikio ya Kambo, nikasema bila kusita, “Anasema uteremke. Anasema ulete mbuzi wa kuondoa aibu ya leo.” Kofia haikuondoka, lakini niliona mabega ya Tata yakitetemeka. Kwa Kambo nikasema, “Amesikia.”

Treni ilichelewa siku mbili. Jumamosi ya wiki ile tukasikia mbuzi akilia nyuma ya nyumba. Tata alikuwa amepita njia ya mashamba, akasimama nyuma ya ukuta, akanituma nimwambie mama mkwe kwamba ameitika mwito wake. Nikabeba maneno hayo hatua tano tu. Kambo alinitazama machoni. Kisha akasema, “Umwambie huyo mbuzi asikule muhogo wangu.” Akaingia jikoni, akaongeza unga kwenye chungu. Jioni hiyo Mama alikula naye sahani moja.

Juzi Mama amejifungua salama, msichana. Tata amempa jina Mwenze, jina la Kambo, maana, anasema, ndiye aliyemwita wakati yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kukata tamaa. Mama alilia. Kambo akampokea mtoto, akageukia ukutani. Jina hakulikataa.

Wote wanakusalimu, na Mama anakuomba uvae sweta asubuhi. Ukimaliza kusoma, choma karatasi hii. Usimwambie Mama, wala Tata, wala Mwenze mdogo, siku atakapokua akakuuliza jina lake lilitoka wapi.

Mdogo wako,
Abigaëlle