Chumba Chako Hakina Ukungu

Dada yangu mpenzi,

Huku mvua haikatiki, na ukungu wa ukutani kwangu umeanza kunibana kifua. Mama amenipa kitambaa na siki: "Sugua mwenyewe, mikono unayo." Lakini chumba chako kitupu anakifungulia madirisha kila jua likichungulia, anafuta pembe zote, hata godoro lako analianika. Nikamwomba nihamie humo. Akacheka: "Na mwenyewe akirudi, tumlaze juu ya paa?"

Nakuonea wivu, dada, na wala hupo hapa. Tafadhali mwambie Mama wewe mwenyewe kwamba umeshaamua kubaki huko. Nikimwambia mimi, atadhani nakitaka chumba. Na kweli nakitaka, ila sitaki kumwona akikulilia.

Mdogo wako,
Kimya