Mikono Yote ya Kulia

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini mguu umepona na umerudi jikoni pale shuleni, maana najua wanafunzi wakipikiwa na mtu mwingine hawaishi kunung'unika. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni utayasoma humu, na nakuomba uyasome ukiwa peke yako.

Simu zako nimeziona zote. Sikupokea kwa sababu sauti yangu unaijua. Ningeanza kudanganya ungenikamata kabla hatujamaliza kuamkiana.

Siku ya mahafali ulipiga vigelegele mpaka mkuu wa kituo akacheka. Kila anayehitimu ushonaji hupewa cherehani yake akaanze kazi, na yangu niliiweka kwenye kibaraza cha duka la vifungo. Wateja walikuja: zipu, suruali za kupunguza, sare za watoto. Nasikia mtaa mzima umeuambia kwamba mdogo wako sasa ni fundi mwenye kazi yake.

Unamkumbuka Kimya, niliyelala naye chumba kimoja kituoni? Uliniuliza mbona hakuitwa jukwaani, nikakujibu kwamba mitihani ilimshinda. Haikuwa hivyo. Kabla ya mahafali tulipewa kazi ya mteja wa kweli, mashati ya mikono mirefu ya wahudumu wa hoteli. Kitambaa chenyewe nje kinang'aa, ndani kimefifia. Cha namna hiyo hulazwa uso kwa uso, ndipo ukikata upate mkono wa kulia na wa kushoto pamoja. Hiki kililazwa tabaka juu ya tabaka, uso wote juu. Tulipoanza kuunganisha, mikono yote ilikuwa ya kulia. Ungecheka, dada. Mwalimu hakucheka, maana hakikubaki hata kipande cha kola. Aliuliza ni nani amekata. Mkasi ulikuwa mkononi mwa Kimya, na yeye, kama jina lake, hakusema neno.

Sheria ya kituo ni kwamba anayeharibu kitambaa cha mteja hapewi cherehani mpaka arudie mafunzo tangu mwanzo. Kimya hana ndugu wa kumlisha akirudia. Alifunga kibegi chake akaenda kuosha vyombo kwenye mgahawa wa karibu na stendi.

Wiki mbili zilizopita alikuja kibarazani kwangu na aproni iliyochanika, akaomba aishone mwenyewe. Nikampisha kiti. Vidole vyake vimebabuka kwa sabuni, lakini mshono ulinyooka kuliko wangu. Alipomaliza akakata uzi, akasema bila kunitazama, "Nilidhani utasema siku ileile. Nikangoja."

Dada, aliyekata ni mimi. Nilikuwa na haraka, nataka sifa za kumaliza kabla ya wenzangu, na mkasi nilimpa Kimya anishikie nikanywe maji. Mwalimu alipouliza, niliinamia viatu vyangu. Wewe uliniombea nafasi ile mpaka ukatoa machozi mbele ya mkuu, nikaogopa kurudi kwako mikono mitupu. Hiyo si sababu ya kumtupa mwenzangu, najua. Naona haya hata kuandika.

Nilimwambia aichukue cherehani hapohapo. Akakataa. Akasema, "Kwako siichukui. Irudishe kituoni, nitaipokea kwa walioninyima." Basi kesho yake niliipakia kwenye mkokoteni nikausukuma mwenyewe, mchana kweupe, katikati ya soko, wateja wangu wakiniuliza imeharibika nini. Nilimweleza mwalimu mbele ya darasa zima. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonichoma. Kimya aliitwa, akakabidhiwa watu wakiona. Hakunishukuru wala hakunitukana. Aliangalia sindano kama imenyooka, akaondoka na mali yake.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wakiuliza habari za fundi wako, usinifiche, waambie kama nilivyokuandikia. Usijisumbue kunitumia chochote. Nimeanza upya na wanafunzi wapya, nakaa nao benchi la mbele. Jioni naosha vyombo kwenye mgahawa wa karibu na stendi, kwenye nafasi aliyoiacha Kimya.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuonea aibu.