Darasa Lilinifunza Kunyamaza, Sasa Binti Yangu Hataki Kuja

Mama Jentrix, wewe unayetushauri gazetini, nisikilize tafadhali, kwa maana hapa Otonglo nyumba imebaki mimi na redio. Tulipoenda kortini kuachana, mimi na mama wa binti yangu Dolphine, hakimu alituamuru tusome kwanza darasa la wazazi wanaotengana, nikakasirika, mtu mzima na ndevu zangu kufunzwa ulezi, lakini nikaenda, na mwalimu akatukanya tusimfanye mtoto mjumbe wala mpelelezi, usimuulize mama anaishi vipi, nani anamtembelea. Neno hilo nikalishika kama katekisimu. Shida ni kwamba nimegundua miaka yote nilikuwa naongea na Dolphine habari za mama yake tu, mwambie mama alete chai, muulize mama ufunguo uko wapi. Sasa akija Jumapili nafunga kibanda changu cha viatu sokoni Kibuye, siku yenye wateja kabisa, tunakula samaki tukitazamana, nikitaka kufungua mdomo naogopa nitavunja amri ya korti. Juzi akaniuliza, "Baba, siku hizi hutaki kujua habari zetu?" Nikamwongezea samaki. Akasema Jumapili ijayo afadhali abaki kwa mama. Na kuna dada anazungukia wazazi kupima kama darasa hilo lina faida ama lifungwe, anangoja jibu langu. Nimwambie limeniharibia mtoto?

Baba Dolphine

Baba Dolphine, pole. Nyumba ya redio peke yake naijua. Lakini mwalimu usimsingizie. Alikukataza kupeleleza, ukatii, na hapo nakupongeza, wengi hutoka darasani wakarudia umbea wao. Nani alikukataza kumuuliza mtoto habari zake mwenyewe? Ulizoea kumtuma jikoni tu, ndiyo maana leo humjui.

Huyo dada mwambie ukweli wote: darasa lilikufunza yasiyosemwa, waongeze somo la yanayosemwa. Usilifunge kwa hasira zako, kuna watoto wanaolihitaji.

Kibanda nacho usifunge. Nenda na Dolphine Kibuye mpange viatu pamoja, mikono ikiwa na kazi mdomo hulegea. Muulize anacheka na nani shuleni. Akimtaja mama, sikiliza, usichimbe.

Ila amesema haji, na swali lake hukulijibu. Leo hii piga simu ya mama yake, msalimie kwa heshima, omba kuongea na mtoto. Usimwachie mama ujumbe. Mwambie Dolphine mwenyewe, "Habari zako nazitaka." Halafu ngoja aongee, hata akikawia.