Nguo Nyeusi za Mapendo

Wewe uliyeokota daftari hili, lifunge. Nakuomba kwa heshima zote. Kama umeshafika kwenye mstari huu, ishia hapa. Kama huwezi kuishia hapa, basi usimsimulie mtu hata neno moja, si ofisini Sandton, si mtaani Berea, si mtandaoni. Nilitia sahihi karatasi kwamba sitasema. Yaliyomo ni ya mtu mwingine. Mimi ni karani tu.

Jumatatu, 3 Machi

Ofisini saa moja na nusu asubuhi. Nimefuta meza. Nimechaji simu ya ofisi. Nimejibu mashabiki kwa jina la bosi wangu, Dada Mapendo: "Asanteni wapendwa, mniombee." Siku hizi naandika hivyo bila kutazama vidole. Miaka mitatu ya kusomea uongozi wa biashara, na hii ndiyo kazi. Silalamiki. Kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye kazi hii.

Nguo zimerudi kutoka kwa dobi. Gauni jeusi la jukwaani, jeusi la mahojiano, jeusi la kanisani. Sijawahi kumwona na rangi nyingine. Mama yake alifariki Bukavu, naye Dada alikuwa hapa bila karatasi za kumwezesha kwenda kuzika na kurudi. Aliyaona mazishi kwenye simu, katika saluni alikokuwa akisuka. Mazishi yalipokwisha aliigeuza kamera kwake, akaimba huku analia. Wimbo mmoja. Ulifika Bujumbura, Nairobi, kila mahali. Watu wakambatiza Binti wa Matanga. Sasa ni mwaka wa tatu. Kila onyesho lazima alie. Hakuna aliyemlazimisha. Ofisi ni yake, kampuni ni yake, mimi ni wake.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Mkubwa Faida amepiga tena. Ni dada wa marehemu. Ana saluni yake ghorofani, karibu na Joubert Park, mtaa wangu. Nampita kila asubuhi nikielekea kituoni, yeye akiwa kwenye balkoni, na huwa navuka barabara ili asinione. Aibu.

Anataka matanga yaondolewe. Kwao matanga hayaishi yenyewe. Mkubwa wa upande wa mama huja, humvua mfiwa nyeusi, humwosha kichwa, humvisha kitenge kipya, watu wakala. Baada ya hapo hakuna kulia kwa sauti tena. "Mwenye kulia baada ya pale anamsumbua maiti njiani," Mama Mkubwa aliniambia siku moja, kana kwamba mimi ndiye mliaji.

Nimeiahirisha siku hiyo mara tatu. Kwa mkono wangu, kwenye kalenda. "Dada ana safari." "Dada ana kurekodi." "Dada hajisikii vizuri." La mwisho tu ndilo lililokuwa kweli.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asikubali tu. Akaniuliza: "Mghoi, mdogo wangu, nikivua hizi, nitaimba nini?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli.

Jumapili, 9 Machi

Onyesho la mchana. Mabaya yametokea.

Niandike jinsi tunavyofanya, maana sijawahi kuandika. Dakika tano kabla ya jukwaa, mimi na yeye tunabaki peke yetu chumbani. Natoa simu ya ofisi. Nabonyeza ujumbe wa sauti wa mwisho wa mama yake. Una sekunde arobaini na moja. "Mapendo, mwanangu, ni mama. Umekula?" Hapo ndipo Dada huvunjika. Hapo ndipo mimi huzima, humpa kitambaa, humfungulia mlango, naye hutoka akiwa tayari. Sijawahi kuusikia hadi mwisho. Ni kama kumtia mtu sindano, nami ndiye muuguzi.

Leo nilibonyeza. "Umekula?" Hakulia.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. Hakuna. "Rudisha tena." Mara sita, zote hadi "Umekula?" tu. Aliukaza uso, akajifinya mkono. Macho makavu kabisa. Ile sauti ikawa kama kengele ya lifti. Nilitaka kumkumbatia, lakini mikono yangu ilishika simu tu.

Aliimba bila machozi. Watu walimtazama kama mgonjwa aliyepona bila ruhusa yao.

Jumanne, 11 Machi

Mtandaoni wanauliza. "Mbona halii siku hizi?" "Amemsahau mama." "Pesa zimemkausha." Huyu wa mwisho ameweka uso wa njano unaocheka mwishoni. Nimefuta kadiri nilivyoweza.

Deo, binamu yake anayeshika kamera, ameleta kikopo cha dawa ya kuchua yenye menthol. Kidogo tu chini ya jicho, anasema, waigizaji wote wanafanya hivyo. Dada amekijaribu mbele ya kioo. Macho yakawa mekundu na kutoa maji. Akajitazama. "Ona," akaniambia, "nalia vizuri kuliko zamani." Kisha akakaa sakafuni. Nikakaa naye. Niliona soksi yake imetoboka. Nyeusi pia.

Wamekubaliana hivi: Jumamosi ukumbi mkubwa, na ule ujumbe wa mama utapigwa kwenye spika, watu wote wausikie. "Umekula?" kwa watu elfu. Ni wazo la Dada mwenyewe.

Saa tisa Mama Mkubwa akapiga. Anataka kuondoa matanga Jumamosi hiyo hiyo. Amekwisha kununua kitenge, wanawake wa kanisani wamekwisha kugawana sufuria. Maagizo yangu yalikuwa wazi: mwambie hapana. Nikafungua mdomo.

"Mwanangu," akasema kabla sijasema, "mara hii usinidanganye. Mapendo anakuja, ama hakuji?"

Nikasema anakuja.

Sijui kwa nini. Nililelewa Taita. Kwetu mtu mzima hakataliwi jambo kwa simu na mtoto. Lakini hiyo ni sababu nzuri mno. Ukweli ni kwamba niliogopa ile hapana ya nne.

Ijumaa, 14 Machi

Sijamwambia Dada. Nimejaribu saa nne, saa saba na saa kumi. Saa kumi nilifika hadi mlangoni. Alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi kidogo, mkono umeshika kikopo cha menthol. Akilala anaonekana mtu wa ishirini na tano, na kumbe ndio umri wake. Nikafunga mlango polepole.

Nimehesabu siku zilizobaki kwenye kibali. Mimi ni mwoga. Nimeliandika, sasa lipo.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, yalivyotokea.

Saa mbili asubuhi nilikwenda kwa Mama Mkubwa. Miguu yangu mwenyewe, bila kuvuka barabara. Wanawake wanne walikuwa wanachambua mchele kwenye viti vya kusukia. Nikamwambia yote mbele yao: kwamba nilidanganya, kwamba Mapendo hajui lolote, kwamba ana onyesho saa nane. Nilisubiri anipige.

Aliendelea kuchambua. "Ukumbi iko wapi?"

Nikamwambia. Hiyo ndiyo siri niliyotia sahihi nisiitoe, mlango wa nyuma na saa ya kuingia.

"Sharp," akasema, na wenzake wakacheka kwa vile alivyolitamka neno la vijana la kusema sawa. "Wewe mutoto, nenda kazini. Na unywe chai, umekuwa kama kaniki."

Saa nane kasoro dakika tano, chumba cha nyuma. Dada ameketi na gauni jeusi. Deo kwenye kona na kamera, maana safari hii walitaka kurekodi hata ile dakika ya kuandaliwa kulia. Dada akapaka menthol, akafumba macho, akaniambia, "Cheza."

Mlango ukagongwa. Mara moja, kwa kiganja.

Dada akasema, "Usifungue. Cheza kwanza."

Nilikuwa na simu mkono wa kulia. Mlango ulikuwa kushoto. Nikafungua mlango.

Mama Mkubwa aliingia na beseni kichwani, kitenge kwapani, na nyuma yake mwanamke mmoja amebeba dumu la maji. Hakuna aliyesalimia. Dada akanitazama. Sitausahau ule mtazamo. Haukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa wa mtu aliyekamatwa akiiba kwake mwenyewe.

"Mama Mkubwa, si leo. Tafadhali. Watu wamekaa, wananisubiri."

"Na dada yangu amesimama miaka mitatu. Yeye hachoki?"

Kisha Mama Mkubwa akauliza ile simu mkononi mwangu ina nini. Nikajibu mimi. Nikasema ni sauti ya marehemu. Uso wa Mama Mkubwa ukabadilika. Kumbe hakuwahi kujua. Miaka yote hii hakuna aliyemsikilizisha. Ilikuwa ni kifaa cha kazi.

"Niwekee," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikabonyeza. "Mapendo, mwanangu, ni mama. Umekula?" Kidole changu kikajiandaa kuzima, kwa mazoea. Sikuzima.

"Usinidanganye. Hapa mvua inanyesha, maharage yote yamelala chini. Mimi niko muzima. Halafu umwambie Faida ile sufuria yangu kubwa airudishe. Alisema siku mbili! Siku mbili gani hizo, amevuka nayo mipaka minne! Haya. Kula, mwanangu."

Mama Mkubwa alikaa juu ya dumu. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Eish, ile sufuria!" Alijipiga paja. "Ndiyo ile iko jikoni inapika mchele wako wa leo! Mwanamke huyu! Hata akiwa chini anaidai!"

Dada akatoa sauti nisiyoijua. Kicheko chake. Sijawahi kukisikia mwaka mzima. Ni kibaya, kama cha mbuzi, na kizuri. "Nilikuwa nimesahau," akasema. "Mwisho wake nilikuwa nimesahau." Na huku anacheka machozi yakamtoka, ya kweli, na menthol ikamchoma, akawa anapiga kelele anataka maji.

"Maji yapo," akasema Mama Mkubwa, akasimama.

Deo akainua kamera. Mama Mkubwa hakugeuka hata. "Deo, weka chini hiyo kitu ama nitaiosha pia." Akaiweka.

Mama Mkubwa akamvua Dada gauni jeusi. Akamwosha kichwa taratibu, akisema maneno ya kwao, nisiyoyajua. Nilishika taulo. Shingo ya Dada ilikuwa nyembamba sana. Kitenge ni cha rangi ya machungwa na kijani, kina ndege. Hakuna picha. Hakuna mtu aliyerekodi.

Alipanda jukwaani hivyo, nywele mbichi. Ujumbe wa mama haukupigwa. Akawaambia watu matanga yameondolewa, akaimba nyimbo za saluni, zile za utani ambazo wasusi huimbiana mchana kutwa. Hakuimba vizuri. Nasema ukweli hapa. Sauti ilikuwa inatafuta njia. Wengine walitoka. Mmoja akapaza sauti, "Turudishieni Binti wa Matanga!" Mwanamke mmoja wa mbele akamjibu, "Kalie kwenu!" na upande ule wote ukacheka.

Kisha tukaenda kula. Wali wa sufuria ile. Nilirudia mara mbili.

Jumapili, 16 Machi

Wafuasi wanaondoka. Nikitazama, namba inashuka kama maji kwenye bomba bovu. Waandaaji wawili wameahirisha maonyesho. Dada ameniambia niache kutazama. Nikaomba msamaha kwa siri niliyotoa. Akasema, "Ungeniuliza ningekataa." Kisha: "Asante hukuniuliza."

Bado naogopa. Ila si woga ule wa Ijumaa.

Jumatano, 26 Machi

Asubuhi tulivu. Tumefunga ofisi ya Sandton. Simu ya ofisi imezimwa. Ule ujumbe ameuhamishia kwenye simu yake, na nakala yake iko kwa Mama Mkubwa, anayeicheza wateja wakichelewa kurudisha vitu vyake. Dada anasuka saluni kwa Mama Mkubwa siku nne na kuimba wikendi ikitokea. Jana alisema anaumwa vidole. Alisema kama anayejisifu. Kuna siku bado anakaa sakafuni, nami hukaa naye. Kuhusu kibali tumejaza fomu pamoja; tunasubiri. Nimempigia mama yangu Wundanyi. Nilikuwa na jumbe zake tisa ambazo sijazisikiliza.

Kama wewe uliyeokota daftari hili umefika hadi hapa, basi tumeshakuwa na siri moja. Lirudishe, tafadhali. Shuka Park Station, tokea upande wa bustani, fuata ukuta hadi kwenye jengo lenye mabalkoni ya bluu. Lifti ni mbovu, panda kwa miguu hadi ghorofa ya tatu. Mlango una kitambaa chenye ndege. Gonga kwa kiganja, kwa nguvu, maana vikaushio vya nywele vina kelele. Uliza Mghoi. Atakayefungua ni Mama Mkubwa, na kabla ya jina lako atakuuliza kama umekula. Usimdanganye.