Si Mganga, Si Mchawi

Jumatatu, 9 Juni

Sufuria ya mlenda imerudi imejaa. Amesema Bi Ornella kwa simu, saa mbili na nusu asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya ukaguzi getini bungeni.

Aliyeupika ni Mama Sechelela, wanaishi pamoja. Jana mchana aliupeleka kwenye msiba wa jirani, kama anavyofanya kila msiba. Wanawake waliupokea, wakauweka pembeni, wakaufunika. Hakuna aliyechota. Jioni wakamrudishia.

Gazeti letu lilitoka jana asubuhi.

Niandike kilichomo, kwa usahihi. Ukurasa wa tano, makala yangu juu ya Bi Ornella. Mwitaliano, mjane wa fundi wa mvinyo, yuko Dodoma tangu mizabibu mingi ya hapa ilipokuwa miche. Nyumba yake iko baada ya Ihumwa, upande wa pili wa reli. Jina la mtaa siliandiki hata hapa. Nimeshaandika majina ya kutosha. Makala ilihusu miungu ambayo bibi yake aliiheshimu huko milimani kwao. Kichwa cha habari: "Mimi ni mchawi, asema bibi wa Kizungu Dodoma". Picha: mikono ya Mama Sechelela ikidondosha mafuta kwenye sahani ya maji. Chini ya picha, jina lake kamili.

Kwenye chumba cha waandishi wamecheka sana. "Mzee, huyo bibi yako anapanda ungo au ndege ya ubalozi?"

Nimecheka nao. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 10 Juni

Nimefungua daftari la mahojiano. Kurasa nne, mwandiko wangu, hakuna pa kujificha.

Diana: mwezi, msitu, wanyama wa porini, na kila mtu anayemkimbia bwana wake. Aradia, binti yake: mama alimtuma duniani awafundishe maskini waliokandamizwa na wenye ardhi. Jano: mlinzi wa milango, nyuso mbili, mmoja unatazama ndani, mwingine nje. Halafu kaka yake Diana, mbeba nuru wa alfajiri. Jina la huyo sikulitia kwenye makala. Kwa msomaji wa Kiswahili lina maana moja tu, Shetani, na nyumba ya vikongwe wawili isingelibeba. Nilijiona mwangalifu.

Bi Ornella alisema pia kwamba mengi ya haya yaliandikwa na wageni waliofika vijijini kwao na madaftari. Bibi yake hakujua kusoma. Alikuwa anakwenda misa kila Jumapili, na nyumbani anausalimia mwezi. Kipi kilianza, hajui. Niliiweka hiyo kama sentensi ya mwisho. Ilikatwa, nafasi haikutosha.

Ukurasa wa tatu wa daftari, nilimuuliza: bibi yako alikuwa nani, kwa neno moja? Akasema strega. Na wewe? Kidogo, akasema, na akacheka. Kwa Kiswahili? Akafikiri kwa muda mrefu. Nimeandika neno kwa neno:

"Si mganga, sina uganga. Si mchawi, mchawi anadhuru. Strega ni mwanamke anayejua. Liache hivyo hivyo, ulieleze."

Nimelipigia mstari. Mara mbili.

Ijumaa ile kabla ya gazeti kutoka Zuhura, mhariri wangu, alipiga simu kutoka Dar. Nilikuwa ukumbini, kamati inaanza, waziri anaingia. "Kaka, hii strega ni nini kwa Kiswahili? Kichwa cha habari hakikubali Kiitaliano." Nikasema: "Mchawi. Weka mchawi, basi."

Simu ya sekunde kumi. Mkoa huu naujua. Najua neno hilo linamfanya nini mwanamke mzee mwenye macho mekundu ya moshi. Nimeziandika habari hizo, nimekwenda kwenye hayo makaburi.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda. Upepo mkali, vumbi hadi mdomoni.

Mama Sechelela alikuwa anachambua uwele kwenye ungo, kibarazani. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Miaka yangu yote ya kazi nimetukanwa, nimefukuzwa na mbwa, nimemwagiwa maji machafu. Shikamoo kubaki hewani, hii ni mara ya kwanza.

Bi Ornella alinikaribisha chai. Akauliza tu, bila ukali: "Ilikuwaje?"

Nikasema wahariri walibadilisha. Dar hawaelewi mambo ya huku. Nikasema nitafuatilia.

Ilitoka laini, kama nimeifanyia mazoezi.

Mama Sechelela alinyanyuka na ungo wake akaingia ndani. Juu ya mlango alioingilia kuna kibao kidogo cha mbao, nyuso mbili, kazi ya marehemu mume wa Bi Ornella. Nilikitazama hadi chai ikapoa.

Alhamisi, 12 Juni

Bajeti ya maji. Maneno mia sita, hakuna kosa hata moja. Haikunisaidia.

Ijumaa, 13 Juni

Mwenyekiti wa mtaa wao amesema: Jumamosi ya tarehe 21, saa nne asubuhi, mkutano wa mtaa utapiga kura za siri. Kila mtu ataandika kwenye karatasi jina la anayemdhania mchawi. Watakaotajwa na wengi wataombwa kuhama.

Nikamuuliza kama anajua kura hizo hazina nguvu ya kisheria. Anajua. Amekataa kuziitisha kwa mwaka mzima. Sasa wananchi wanamwonyesha gazeti.

"Mwandishi, mimi nitawaambia nini? Limepigwa chapa."

Nimempigia ofisa mmoja wa ngazi ya juu yake. Amesema hajatoa kibali. Amesema pia siku hiyo hatakuwepo. Nimempigia askari ninayemfahamu. Atatuma mtu, akipata mtu.

Bi Ornella akitajwa, ubalozi utampigia simu, na binti yake atamtumia tiketi. Mama Sechelela amezaliwa pale. Mumewe na wanawe wawili wamezikwa pale. Ahamie wapi?

Jumapili, 15 Juni

Kanisani wamemwambia Mama Sechelela apumzike kwaya kwa muda. Neno walilotumia ni hilo, apumzike. Sauti ya pili, miaka na miaka. Bi Ornella ndiye aliyeniambia.

Ile sahani ya mafuta na maji alifundishwa na Bi Ornella. Mafuta yakitawanyika, anayeumwa kichwa ametazamwa kwa jicho baya. Yakikaa, kichwa kinauma tu, meza dawa. Anapodondosha husali Baba Yetu kwa Kigogo. Nalo limo daftarini. Kwenye makala halimo. Niliona linapunguza ladha.

Siku nzima sikutoka nyumbani. Jirani yangu hapa Ipagala kaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempigia Zuhura kudai masahihisho. Nilianza kwa sauti ya juu, kama mtu aliyekosewa. Aliniacha nimalize.

"Kaka, nilikuuliza. Ulisema weka mchawi."

"Nilisema."

"Basi tuandike gazeti limekosea tafsiri. Inatosha, yamekwisha."

Nikasema iandikwe mwandishi ndiye aliyekosea. Akaniambia hajawahi kuona masahihisho juu ya jina langu, vijana pale ofisini wananitumia kama mfano, na watu wanakumbuka masahihisho kuliko habari. Alikuwa ananihurumia. Sikuipenda huruma hiyo, na kwa dakika nzima nilitaka kuipokea.

Nikarudia: iandikwe mwandishi. Yatoke Alhamisi, ukurasa wa tano, pale pale.

Halafu swali la jina. Nikiliandika jina la Mama Sechelela, linakaa tena karibu na neno lile. Nikiliacha, ni kama yeye hakukosewa. Mwenye jina ndiye wa kuulizwa. Kesho.

Jumanne, 17 Juni

Nimewakuta wote wawili kwenye mizabibu, wanafunga matawi kwa vipande vya kanga.

Sikukaribishwa kukaa, nikasema nikiwa nimesimama. Hakuna mhariri aliyebadilisha kitu. Niliulizwa neno, nikatoa neno hilo, mimi, kwa simu. Wiki iliyopita pale kibarazani nilidanganya.

Bi Ornella aliangalia chini. Mama Sechelela akafunga tawi lake kwanza, akakaza fundo, ndipo akanigeukia.

"Kumbe yule wa nyuso mbili siyo wa Ulaya peke yake."

Bi Ornella alicheka kabla hajajizuia, akaziba mdomo. Mama Sechelela hakucheka.

"Mimi gazeti sisomi," akasema. "Lakini jina langu nalijua likiandikwa. Mjukuu wa jirani kaja kunionyesha. Nikafurahi, mwandishi. Nusu siku nilifurahi. Nikasema leo nimetoka kwenye gazeti. Nikapika mlenda ule nikiimba."

Hilo sikulijua. Ni baya kuliko yote niliyoyajua.

Nikamuuliza kuhusu jina. Liwemo au lisiwemo?

"Uliliandika bila kuniuliza, leo unaniuliza. Liandike. Lote, na la baba yangu."

Akataka kusikia daftari. Nikasoma mistari ile: si mganga, si mchawi, mwanamke anayejua. Akasema nirudie. Nikarudia. Akamtazama Bi Ornella, akamwambia kitu kwa Kigogo, akajibiwa kwa Kigogo. Sikukiomba kwa Kiswahili. Tafsiri zangu zimetosha.

Bi Ornella alinisindikiza hadi barabarani. Ubalozi umeshampigia, na tiketi ipo tayari. Haendi. "Nikiondoka watasema nimekimbia, na Seche atabaki nao peke yake. Lakini Jumamosi mimi sisemi. Kila nitakachosema watamhesabia yeye. Sema wewe."

Nimemwomba mwenyekiti nafasi kabla karatasi hazijagawiwa. Anasema nitazomewa. Nimesema najua.

Alhamisi, 19 Juni

Yametoka. Ukurasa wa tano, chini, pembeni ya tangazo la matrekta. Mistari mitano. Mwandishi wetu alitafsiri vibaya. Bi Ornella alisema wazi kwamba yeye si mchawi. Mama Sechelela, jina lote, na la baba yake, ni muumini na mwimba kwaya, na alichofanya pichani ni sala. Mwandishi anawaomba radhi. Jina langu.

Kwenye chumba cha waandishi hakuna aliyecheka. Mmoja kanigusa bega akapita. Ningependelea wacheke.

Nakala kumi nimezipeleka mwenyewe. Mwenyekiti kabandika moja kwenye ubao wa matangazo. Wanaume wawili walisimama kusoma. Mmoja akasema, "Hawa wa gazeti wamelishwa kitu huko." Mwenzake akasema, "Ngoja nimalize kusoma." Sijui kura ya huyo wa pili. Ya yule wa kwanza naijua.

Nimepita kwa Mama Sechelela. Shikamoo.

Aliweka ungo chini. Halafu: "Marahaba." Kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba.

Nikamsomea mistari mitano. Nilipofika kwenye jina la baba yake, aliitikia kwa kichwa kidogo. Akauliza kama wale wanawake wa msibani nao watakuwepo mkutanoni. Nikasema wote. Akachungulia chungu cha mlenda mkavu, akapima kwa jicho.

Jumamosi, tarehe 21, saa nne asubuhi. Mimi ni wa kwanza kusema, mwenyekiti amethibitisha. Daftari liko mfukoni. Mama Sechelela atakuja na sufuria ya mlenda, na ataiweka mezani, mbele ya karatasi za kura.

Ameniagiza nisile kitu asubuhi, nije na njaa.