Mchumba Wangu Amenihesabia Mguu Mbele ya Kijiji Kizima

Mpendwa Shangazi Remei,

Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kijinga, maana tangu Jumapili nimepigwa na butwaa, chakula hakipiti, na mama yangu ananiangalia kama mgonjwa. Mimi ni fundi bomba hapa milimani Berguedà, naendesha pikipiki za enduro, zile za mbio za porini, tangu nikiwa kijana mdogo, nina vikombe vya ushindi sebuleni, na kila mtu huku ananijua kwa kasi yangu. Mchumba wangu anaitwa Queralt, tunaoana mwezi wa tisa, au nilidhani tunaoana. Yeye na baba yake, mzee Sadurní, ni watu wa trial, ule mchezo wa pikipiki isiyo na kiti, mtu anapanda mawe na magogo polepole kuliko anayetembea, na ukiweka mguu chini unahesabiwa kosa. Sijawahi kuuelewa. Wanakagua njia kwa miguu kwanza, wanainama, wanagusa jiwe hili na lile kama watu wanaonunua ng'ombe, ndipo wawashe pikipiki. Mimi kanuni yangu ni moja tu: ukiona kikwazo, vuta mafuta.

Basi Queralt akaniomba nishiriki mashindano ya klabu yao, nikakubali kwa mapenzi tu, akaniazimia pikipiki ya kaka yake, na yeye akapangwa kuwa mwamuzi wa kipande cha njia kinachopita mtoni. Nikasema moyoni, afadhali, huyu wangu hatanibania. Shangazi, mzunguko wa kwanza nilianguka majini, akanyanyua mkono na vidole vyote vitano, ambayo ndiyo alama mbaya kuliko zote. Mzunguko wa pili nikaingia na kasi yangu ya kawaida, nikakata utepe wa mpaka wa njia nikaishia kwenye miiba, vitano tena. Wa tatu nikapita! Nilipita mpaka juu, watu wakapiga makofi, nikageuka nikimsubiri anyanyue ngumi, maana kwao ngumi ndiyo safi, hukugusa popote. Akanyanyua kidole kimoja.

"Cha nini hicho?" nikamuuliza.

"Mguu wa kushoto, pale kwenye jiwe jeusi."

"Queralt, acha utani. Haukugusa."

"Umegusa, mpenzi. Nilikuwa hapa hapa."

"Wewe mwongo! Unataka kunidhalilisha mbele ya watu wa baba yako!"

Watu waliokuwa wakila mkate na soseji za kuchoma wote wakageuka, mzee Sadurní akabaki na soseji yake hewani, na kusema kweli Shangazi, mguu uligusa kidogo tu, ncha ya kiatu, nani anahesabu kitu kama hicho kwa mtu anayempenda? Kwa kidole hicho kimoja nikawa wa mwisho, nyuma ya mama wa duka la dawa mwenye wajukuu.

Jioni akavua pete akaiweka ndani ya helmeti yangu. Hakulia. Alisema tu, "Arusi isubiri, Jofre. Jifunze kusimama kwanza." Kusimama wapi? Nadhani bado ana kinyongo cha mwezi wa tano, tulipokuwa tunapanda njia ya msituni, yeye alikuwa ameshuka kukagua kona kwa miguu kama kawaida yao, mimi nikaja nyuma, nikaona ngazi ya jiwe, nikavuta mafuta, pikipiki ikanitoka mikononi ikapita karibu na bega lake ikapiga msonobari. Haikumgusa hata unywele, nikacheka, tukaendelea, yakaisha. Tena siku ile mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, nilikuwa nimeinua pikipiki mara sijui ngapi, wakati yeye alikuwa anaimba.

Sasa mzee Sadurní ananiambia niende shambani kwake kila Jumamosi anifundishe, na enduro yangu niiache nyumbani. Rafiki zangu wa baa wameshanicheka. "Akikuhesabia miguu leo, kesho atakuhesabia glasi," wanasema, "achana naye." Mimi nampenda. Lakini mwanamume mwenye vikombe aende kufundishwa kusimama? Nifanye nini?

Ni mimi Jofre, niliyeduwaa.

*

Jofre mwanangu,

Na mimi nimeshtuka, kahawa imepoa mezani, lakini sikushtuka pale ulipotaka nishtuke.

Tumalize kwanza la kidole. Unamwita binti wa watu mwongo, halafu mistari michache baadaye unaniambia mguu uligusa kidogo tu, ncha ya kiatu. Sasa mwongo nani? Mimi nimesimama kwenye mito hiyo na mabuti ya mpira, nikihesabu miguu ya wanaume, kabla hujazaliwa. Wake, dada na wachumba ndio tunaosimama huko, kwa sababu hakuna mwingine anayekubali kulowa bure. Marehemu mume wangu nilimpa vitano siku ya sherehe ya mtakatifu wa jina lake, na usiku tukala keki. Aibu inauma, najua, na kushindwa na bibi wa duka la dawa kunauma zaidi, pole sana. Lakini aibu ile uliipika mwenyewe.

Sasa lililonishtua. Pikipiki nzima ilimpita mchumba wako begani, nawe umelichomeka jambo hilo katikati ya malalamiko, ukasema yakaisha. Yaliisha kwako! Yeye bado yuko palepale kwenye kona, anaisikia inakuja. Na ulicheka, Jofre. Nimesoma mstari huo mara mbili nikidhani macho yangu yana kasoro.

Unauliza kusimama wapi. Kusimama hapo. Mtu wa trial angefika kwenye jiwe lile akasimamisha pikipiki, miguu yake ikiwa bado juu ya vikanyagio, akatazama, akamwona mwenzake, akasubiri apite. Wewe huwezi kusubiri kwa sababu pikipiki yako isipokimbia unaanguka nayo. Ndiyo maana unavuta mafuta kila mahali. Huo si ushujaa, ni kwamba hujui kitu kingine cha kufanya. Na hiyo mikono inayokufa ganzi, ni kwa sababu unaning'inia kwenye usukani kama nguo kwenye kamba. Queralt anaibeba pikipiki kwa miguu na kiuno, klachi anaibana kwa kidole kimoja, njia ameshaiona kabla ya kuingia, basi pumzi ya kuimba anabaki nayo. Ukijifunza hayo utairudia enduro yako ukiwa dereva mwingine kabisa.

Kwa hiyo fanya ninavyokuambia. Jumamosi hii nenda kwa Sadurní wakati wa mkate na soseji, watu wale wale wakiwepo, useme kwa sauti ile ile uliyomtukana nayo: mguu uligusa, mwongo ni mimi. Usiongeze "lakini". Kisha vaa helmeti uanze kazi. Akikuambia uzime injini, uegemeze gurudumu la mbele kwenye jiwe na usimame juu ya vikanyagio mpaka miguu itetemeke, tetemeka. Akikuambia uzunguke mapipa yake ya mvinyo polepole kuliko kuku, zunguka, na ukianguka inuka uanze upya. Hao wa baa waalike waje kutazama, halafu wape pikipiki wajaribu wao. Watakuwa wapole sana.

Na kabla ya yote hayo, mwombe Queralt muende msituni kwa miguu mpaka kwenye ngazi ile. Akuonyeshe aliposimama. Simama hapo wewe, geuka, uitazame njia uliyotokea. Usiseme neno mpaka aseme yeye.

Pete itoe kwenye helmeti uiweke mahali salama. Usimpelekee, usimsihi, usimtume mama yako. Endelea kuvuka mto ule huku yeye akikuhesabia. Atakupa vitano, atakupa vitatu, atakupa kimoja, nawe kila mara utasema asante. Kisha itafika siku utageuka kule juu umwone amekunyanyulia ngumi, nawe utajua ni ya kweli, kwa sababu ni yule yule aliyekataa kukusamehe ncha ya kiatu. Siku hiyo ndiyo uende na pete.

Shangazi Remei