Saa Nane na Nusu Kutoka Amsterdam

Kaka,

Shikamoo yangu usiisubiri. Nakuandikia kutoka nyumbani Kilema, wiki ya tatu tangu tumzike mama, na hasira yangu haijapungua hata kidogo.

Nakumbuka ulivyonibeba mgongoni kwenda shule msimu wa mvua, udongo unateleza, wewe unaimba ili nisiogope. Nakumbuka pia siku tulipokusindikiza uwanja wa ndege, KIA, ukienda Amsterdam. Mama alikuwa amekufungia ndizi mbivu kwenye kanga. Ukaona aibu mbele ya watu, ukamrudishia. Kisha ukamwambia, "Mama, kila Krismasi nitakuwa hapa."

Krismasi kumi na moja. Watu wanapanda kutoka Dar na Mwanza, wengine wanavuka mpaka pale Holili kutoka Kenya, kila kihamba, kila shamba la ukoo, kinajaa vicheko. Kwetu mama alikuwa akitandika kitanda chako, basi.

Nikikupigia, jibu lilikuwa moja. "Ni mbali, mdogo wangu. Siku mbili njiani, ndege tatu." Hata mama alipolazwa ulilirudia, naye akisikia. Wanawake wa jumuiya walipouliza habari zako, alikutetea: "Mwanangu yupo mbali sana, jamani."

Kisha Prosper akaja kumwona hospitali. Huyu mtoto wa baba mdogo siku hizi anaongoza wageni mlimani, pale Marangu. Mama akamuuliza wageni wake wa Amsterdam hulala wapi njiani.

Prosper akacheka. Hakujua anachofanya.

"Hawalali popote, mama mkubwa. Ni ndege moja tu. Asubuhi wanakunywa chai kwao, saa mbili usiku nawapokea KIA. Safari ya saa nane na nusu hivi."

Mama alivuta shuka, akageukia ukutani.

Shangazi Felista, na mguu wake uliovimba, alikaa kwenye basi kutoka Dar muda mrefu kuliko huo. Alifika. Alimlisha mama uji kwa mkono wake mpaka siku ya mwisho.

Wewe ulituma ujumbe kwamba umbali umekuzuia. Ulisomwa kaburini, watu wakaguna kwa huruma. Kukuonea huruma wewe! Nilitaka kuwaambia ukweli pale pale, mbele ya jeneza. Nilinyamaza kwa sababu ya mama. Siku ile Prosper alipoondoka, mama alinishika mkono akasema, "Usimwambie kwamba najua. Ataona aibu, ataacha kunipigia."

Na ulipopiga kesho yake, akakupa pole kwa kuishi mbali. Nilikuwa nimeishika ile simu sikioni mwake. Ukaipokea pole yake, ukamwambia asante.

Alikufa akiogopa kukupoteza. Mimi siogopi. Alijua, kaka. Kaa nalo huko.

Mdogo wako, niliyemzika mama